Sebule ya kisasa Kisumu: brasi na shaba bila chumba kugeuka ukumbi wa harusi

MamaZawadi_Lolwe

Habari zenu wadau. Nina sebule ya mita 4.2 kwa 3.6, dari ya gipsam yenye kimo cha mita 2.7, nyumba ya kupanga hapa Kisumu. Kuta ni za kijivu kinachoelekea buluu, taili za krimu zinazong'aa, kochi la L la kijivu kilichokolea, kabati jeupe la TV lenye vipini vya kromu, madirisha ya alumini ya rangi ya fedha, na feni nyeupe katikati ya dari. Hakuna kibaya, lakini chumba kimepoa, hasa usiku.

Nataka kuongeza metali za rangi ya joto: brasi (ile ya njano, aloi ya shaba na zinki), shaba, au hata chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Nimefikiria meza ya kahawa yenye fremu ya dhahabu, taa ya kuning'inia, fimbo ya pazia, kioo cha mviringo, na kubadilisha vipini vya kabati. Ninachoogopa ni kuishi ndani ya ukumbi wa harusi.

Vitu vingapi vinatosha? Dhahabu inaweza kukaa pamoja na alumini ambayo siwezi kuitoa? Ninunue brasi halisi au fundi apige spreyi, na kwa unyevu huu wa ziwani spreyi inadumu? Mwenye nyumba ameruhusu matundu ya pazia na ya kioo kimoja, basi. Bajeti ni elfu arobaini.

Rangi_na_Nuru

Mama Zawadi, kabla ya kununua chochote badilisha balbu. Balbu nyingi madukani ni zile nyeupe za kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Chini ya mwanga huo brasi inaelekea ukijani, shaba inakuwa kama tope, na kijivu chako chenye buluu kinazidi kupoa. Brasi haina mwanga wake, inarudisha ule inaoupata, na mwanga wa 6500 una buluu nyingi na wekundu kidogo. Tafuta kelvini 2700 au 3000. Kama boksi limeandikwa CRI, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi, chukua 90; 80 inavumilika, chini ya hapo rangi zote zinafifia.

Hesabu ya mwanga: chumba chako ni mita za mraba 15. Ukitaka lux 150, yaani lumeni 150 kwa kila mita ya mraba, hiyo ni lumeni 2,250. Ongeza theluthi moja kwa sababu kuta za kijivu na vivuli vya taa vinameza mwanga, unafika 3,000. LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800, kwa hiyo unahitaji nne, mbili darini na mbili pembeni. Zote ziwe na kelvini sawa. Ukiacha 6500 darini na kuweka 2700 kwenye taa ya pembeni, ya pembeni itaonekana ya manjano kama ina hitilafu, na dhahabu yote upande ule itaonekana chafu.

Alumini isikusumbue. Metali mbili zinakaa vizuri chumba kimoja iwapo moja ni kubwa na nyingine ni ndogo. Acha fedha iwe ya jengo, yaani dirisha na vitasa vya milango, halafu dhahabu iwe ya fanicha na taa. Nyeusi inaziunganisha: TV tayari ni nyeusi, ongeza fremu moja au mbili za picha nyeusi. Kosa ni kuleta brasi, shaba na ile dhahabu ya waridi kwa pamoja. Hizo tatu zinafanana kiasi cha kuonekana kama ulikosea kulinganisha. Kwa ukuta wako chagua brasi. Shaba ingependeza zaidi kwenye ukuta mweupe wa joto au wa kijani kilichokolea.

Na iwe ya kufifia, yenye mistari myembamba ya brashi, isiyong'aa kama kioo. Taili zako tayari zinang'aa. Kinachong'aa juu ya kinachong'aa ndicho kinacholeta harusi, hata kama vitu ni vitatu tu.

Vitu vitano ulivyotaja vinatosha kabisa, usiongeze cha sita. Visambaze kwa kimo: kimoja juu (fimbo au taa), kimoja usawa wa macho (kioo), kimoja chini (meza), na visiwe ukuta mmoja. Kioo cha sentimita 80 usikiweke juu ya kochi refu. Kinachokaa juu ya kochi kinatakiwa kufika karibu theluthi mbili za upana wake, na kwa kochi la mita 2.4 hiyo ni mita 1.6. Kioo chako kitaonekana kama sahani. Kiweke ukuta wa pembeni ya dirisha, juu ya meza nyembamba, kiache sentimita 15 hadi 20 kutoka juu ya meza. Usikielekeze kwa dirisha linalopigwa na jua la saa tisa, utaishi na mwali machoni.

Jambo la mwisho, nalo watu hulisahau: metali peke yake haileti joto. Inahitaji kitu kisichong'aa kando yake. Hapa Kisumu una bahati, vikapu na viti vya magugu maji vinapatikana, na ule ufumwaji mkavu wa kahawia unafanya brasi ionekane ghali. Bakuli la jiwe la Kisii lisilopakwa rangi juu ya meza linafanya kazi hiyo hiyo. Mito ya kochi iwe rangi ya kutu au kijani cha msituni. Epuka ya haradali, inashindana na brasi.

Welda_Kibuye

Nijibu la meza na spreyi.

Meza ya sentimita 100 kwa 50, kimo 42. Tumia tubu ya mraba ya milimita 25 kwa 25, unene 1.5. Ukipewa ya 1.0 kataa: moto wa welda unaitoboa kwenye kona, fundi anaziba kwa fila, na rangi ya dhahabu inaonyesha kila kiraka. Mahitaji ni haya: fremu ya juu mita 3.0, miguu minne ya sentimita 39.5, jumla 1.58, viungo viwili vya chini upande mfupi, sentimita 45 kila kimoja, jumla 0.90. Yote ni mita 5.48. Tubu moja inauzwa mita 6, kwa hiyo moja inatosha, na kipande kinachobaki ni cha kufanyia majaribio ya rangi. Usimwachie fundi akitupe.

Kona za fremu ya juu zikatwe nyuzi 45. Kabla ya kuunga moja kwa moja, gusa kwa nukta halafu pima mshazari wa kona kwa kona, pande zote mbili zitoke sentimita 111.8. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, fremu imekaa upogo; inyooshwe kabla ya kuungwa moja kwa moja.

Uliza tubu ni nyeusi au ni ya zinki. Ya zinki inakataa rangi. Ukipaka praima (rangi ya msingi) ya kawaida juu yake, baada ya miezi michache inabanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu. Chukua nyeusi. Ikibidi iwe ya zinki, itumiwe praima maalumu ya kuuma zinki kwanza.

Sasa rangi. Spreyi yenyewe ni sehemu ndogo, kazi iko kwenye maandalizi:

Saga viungo mpaka kidole kisisikie mpaka. Msasa namba 80 kwenye viungo, 120 kwingine kote. Tubu mpya ina mafuta ya kiwandani, kwa hiyo futa kwa kitambaa cheupe chenye thina, badilisha kitambaa mpaka kitoke safi. Baada ya hapo usiiguse kwa mkono mtupu. Praima mbili nyembamba, acha ikauke, msasa 240 kidogo, futa vumbi. Halafu dhahabu mara tatu, nyembamba nyembamba, ukiwa sentimita 20 hadi 25 mbali, dakika 10 hadi 15 kati ya mpako mmoja na mwingine. Anza kubonyeza nje ya kipande na uachilie nje ya kipande, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Tikisa kopo dakika mbili baada ya gololi kuanza kugonga, na uendelee kulitikisa kila baada ya muda mfupi, kwa sababu vumbi la metali linazama chini na usipotikisa unapata mistari ya manjano na ya kijivu.

Eneo la tubu yote ni kama nusu mita ya mraba. Kopo la mililita 400 kwa ukuta tambarare lingetosha na kubaki, lakini kwenye tubu nyembamba zaidi ya nusu ya rangi inapita pembeni hewani. Nunua mawili ya dhahabu, moja la praima, na yote mawili ya dhahabu yawe ya jina moja na namba moja. Dhahabu ya kampuni mbili hazifanani kamwe.

Yanayoharibika:

Rangi kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Hii inatokea ukipaka praima ya mafuta, ile nyekundu ya kutu, kisha ukapiga spreyi yenye thina kali kabla haijakomaa. Inaweza kukauka juu leo na bado iwe laini ndani kesho. Kama fundi anatumia nyekundu, mpe siku kadhaa, au tumia praima ya kopo. Pia soma kopo: mengi yanasema rudia ndani ya saa moja au subiri saa 24. Katikati ya hapo ndipo panapokunjamana.

Ukungu mweupe juu ya rangi. Thina ikiruka haraka inapoza chuma, na unyevu wa hewa unatua juu ya rangi mbichi. Kisumu mvua za mchana ni za kawaida, kwa hiyo piga spreyi asubuhi kuanzia saa tatu, wingu likianza kujaa acha. Wala usipige juani: chuma kikiwa na joto rangi inakauka kabla ya kujilaza, unapata ukwaru kama msasa.

Dhahabu kufa rangi baada ya laka (vanishi angavu ya juu). Hili ndilo linalowaumiza wengi. Ile dhahabu kali ya kopo inang'aa kwa sababu vipande vyake vidogo vya metali vinalala juu ya uso. Laka yenye thina inaviinua na kuvizamisha, na dhahabu inakuwa kahawia ya kadibodi. Jaribu kwenye kile kipande kilichobaki. Ikifa, acha bila laka au tumia laka ya maji baada ya dhahabu kukauka siku mbili kamili.

Miguu kuoza kutoka ndani. Nyumba inapigwa deki kila siku, maji yanaingia kwenye mdomo wa tubu. Agiza vifuniko vya plastiki vya 25 kwa 25, vigongwe ndani kabla ya meza kuingia nyumbani.

FundiStima_Kondele

Kuhusu taa. Dada umesema feni iko katikati. Basi kwa ushauri wangu usinunue taa ya kuning'inia, nunua ya kusimama ya brasi, ya plagi, kimo cha mita 1.5 hivi, uiweke kwenye pembe ya lile kochi la L. Haihitaji tundu hata moja, ukihama unaibeba, na mwanga wake unaipiga meza kutoka pembeni. Mwanga wa pembeni ndio unaofanya brasi iwake. Ule wa juu moja kwa moja unaipa doa jeupe tu.

Ukisisitiza ya kuning'inia, pima hivi. Feni ya kawaida ina upana wa mita 1.4, ncha ya panga iko sentimita 70 kutoka katikati. Taa yenye kivuli cha sentimita 40 ikiwekwa mita 1.5 kutoka katikati kuelekea ukuta wa upande mfupi, inaachwa sentimita 60 kutoka ncha ya panga na 40 kutoka ukutani. Chini ya 60 upepo unaiyumbisha usiku kucha mpaka waya unalegea kwenye kiunganishi. Na isiwe juu ya mapanga, utapata mwanga wa kukatakata unaoumiza kichwa. Sehemu watu wanapopita, chini ya taa ibaki mita 2.1 kutoka sakafuni.

Uzito wake usibebwe na bodi ya gipsam. Bodi hubeba kifuniko cha plastiki na balbu, lakini taa ya brasi ya kilo mbili au tatu ishikwe na mbao, chaneli, au zege lililo juu. Skrubu iliyong'ang'ania bodi pekee inavutwa taratibu, kwanza unaona ufa wa duara, halafu unaisikia imeanguka.

Waya wa athi, yaani wa kupeleka umeme ardhini. Taa ya metali lazima iunganishwe waya wa kijani na manjano, isipokuwa ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba kwenye lebo. Nyumba nyingi za zamani hazina athi kwenye taa za dari, na mafundi wengine wanaukata kwa sababu "taa inawaka tu". Inawaka, ndiyo, lakini siku waya wa moto ukichubuka na kugusa brasi, mwili wote wa taa una volti 240 na hakuna kinachokata. Kama darini huna athi, chagua taa yenye mwili wa mbao au wa magugu maji yaliyofumwa, na brasi iishie kwenye pambo lisilogusa waya. Zima kwenye swichi kuu, siyo ya ukutani, maana swichi za ukutani wakati mwingine zimefungwa upande usio na moto. Kazi ya dari apewe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya.

Angalia kitako cha balbu kabla ya kulipa. Taa nyingi za mapambo ni za skrubu, E27, na kwenye maduka ya mtaani balbu za pini ndizo nyingi. Balbu ya 2700 ya skrubu unaweza kuitafuta sana, kwa hiyo nunua na ya akiba.

Halafu wale wadudu wadogo wa ziwani. Wanavutwa zaidi na mwanga wenye buluu, kwa hiyo 2700 inapunguza idadi, haiwamalizi. Kivuli kiwe kuba linaloangalia chini. Bakuli linaloangalia juu linajaa wadudu waliokufa, na wakilowa unyevu wanaacha madoa kwenye brasi.

Mzee_Section58

Nasoma kutoka Nakuru. Nawaunga mkono karibu yote, ila swali la mama la brasi halisi au spreyi mmelijibu upande wa spreyi tu. Vitu vidogo vinavyoshikwa kila siku viwe brasi halisi: vipini, sinia, kishikio cha mshumaa. Spreyi kwenye kipini inaisha pale kidole kinapogusa, hakuna laka ya kuizuia.

Kuitambua: sumaku ikishika, ni chuma kilichopakwa. Isiposhika bado usifurahi, kwa sababu aloi ya zinki nayo haishikwi. Kwaruza kidogo upande wa nyuma kwa ncha ya msumari: brasi ni njano mpaka ndani, zinki inatoa kijivu. Uzito nao unasema, brasi ni nzito kuliko unavyotarajia.

Vipini: usipime urefu wa kipini, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine. Mara nyingi ni milimita 96, 128 au 160. Ukipata kipimo kile kile hutoboi kabati, na vipini vya kromu unaviweka kwenye bahasha kwa ajili ya siku ya kuhama. Skrubu ni M4. Zile ndefu zinazokuja na kipini wakati mwingine zinagota kabla ya kukaza, weka wosha.

Brasi bila laka itakuwa kahawia. Unyevu, jasho la vidole na moshi wa jikoni vinaifanya hivyo. Mimi naona hiyo ndiyo thamani yake, na katika chumba cha kijivu kahawia hiyo inapendeza kuliko njano ya dukani. Ukitaka ing'ae, ndimu na chumvi kidogo, sugua dakika moja, kisha osha kwa sabuni na maji mengi, kausha palepale. Usiache ikauke na chumvi juu yake, kloridi inaleta vidoa vya kijani vinavyochimba. Usitumie dawa ya vioo yenye amonia. Brasi iliyokunjwa au yenye mkazo inaweza kupasuka nayo baada ya muda. Na kwa kitu kilichochovywa brasi juu juu tu, weka mbali ndimu na dawa zote za kung'arisha, safu ya juu ni nyembamba kuliko karatasi na kitambaa kikali kinaimaliza.

Usifunge brasi kwa skrubu za chuma cha kawaida mahali penye unyevu. Chuma kitaoza upesi na kutiririsha kutu. Tumia za brasi au stenlesi.

Onyo kwa wapenda shaba: mabomba ya shaba yanayouzwa na mafundi wa friji ni laini, yanakuja yamezungushwa. Hayanyooki yakawa fimbo ya pazia, na ukiyalazimisha yanapinda yakianza kubeba kitambaa. Na ukinunua shaba au brasi chakavu, dai risiti kutoka kwa mwenye leseni. Biashara hiyo ina sheria yake ya mwaka 2015, na Januari 2022 ilipigwa marufuku kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme. Hutaki kuulizwa waya wako ulitoka transfoma gani.

Rangi_na_Nuru

Mzee, kwa vipini na sinia nakubali. Lakini fimbo ya pazia hakuna anayeipanda kuisugua. Ile iwe ya kiwandani, yenye laka tayari. Vinginevyo mwaka ukiisha utakuta kahawia pale pete zisipopita na njano pale zinapopita, mistari mitupu.

Mzee_Section58

Hapo umeshinda.

Pazia_Kakamega

Fimbo basi. Dirisha la mita 1.8 linahitaji fimbo ya mita 2.2, yaani sentimita 20 zaidi kila upande, ili pazia likifunguliwa lisifunike kioo. Kipenyo milimita 25 au 28. Zaidi ya mita 1.8 lazima bano la katikati, la sivyo inapinda na pete zote zinajikusanya katikati. Fimbo zinazovutika zina kiungio. Bano la tatu likae karibu na kiungio hicho, na pete upande mwembamba ziwe na nafasi, kwa sababu zinakwama pale unene unapobadilika.

Funga sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu. Hapo mara nyingi ni linta (boriti ya juu ya dirisha) la zege, siyo tofali, kwa hiyo drili ya kugonga, biti mpya ya 8, fisha (plagi za plastiki za kushika skrubu) za 8, skrubu ya 5 kwa 50. Fundi mwenye drili ndogo akishindwa na zege anatoboa matundu mengi akitafuta penye ulaini, na wewe ndiwe unayeahidi mwenye nyumba matundu machache.

MamaZawadi_Lolwe

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeamua: balbu kwanza, taa ya kusimama, vipini vya brasi, fimbo, meza. Taa ya dari nimeachana nayo.

Yamebaki matatu. Kioo nilichokiona kina fremu ya plastiki ya dhahabu inayong'aa, naweza kuifisha mwangaza? Juu ya meza niweke kioo au mbao? Na kwa ukuta wa TV nimeshauriwa vile vipande vyembamba vya stenlesi ya dhahabu kati ya mbao za ukutani, vina maana kwangu?

Welda_Kibuye

Fremu ya plastiki: sugua kwa sponji ya msasa laini au msasa namba 400 kwa mwelekeo mmoja tu, kufuata duara. Ikitokea nyeupe au kijivu chini yake, acha, hiyo safu imekwisha na utahitaji praima ya plastiki kabla ya spreyi. Funika kioo kwa gazeti na utepe wa karatasi, na uutoe utepe rangi ikiwa bado haijakomaa kabisa, vinginevyo inachanika ukingoni.

Uzito: kioo cha unene wa milimita 4 ni kilo 10 kwa mita ya mraba. Duara la sentimita 80 ni nusu mita ya mraba, kilo 5, ongeza fremu. Fisha ya 8 kwenye ukuta wa tofali inabeba bila shida, lakini hakikisha iko kwenye tofali na siyo kwenye plasta peke yake. Ukikigundisha kwa chochote, silikoni isiwe ile inayonukia siki. Ile siki inakula rangi ya nyuma ya kioo na kuitia brasi kijani. Omba ya nyutro.

Juu ya meza, kwa sebule yenye watoto mimi ningeweka mbao. Ukitaka kioo, milimita 8, kilichopikwa, yaani kilichoimarishwa kwa joto. Ubao wa kioo wa mita 1 kwa 0.5 unene huo ni kilo 10, fremu hiyo inabeba. Kioo kilichopikwa hakikatwi tena, kwa hiyo subiri fremu iishe, ipime pande zote nne kwa sababu haitakuwa 100 kwa 50 kamili, ndipo uagize, na kona ziviringishwe. Kiweke juu ya vipande vidogo vya silikoni angavu, kisikae moja kwa moja juu ya rangi.

Rangi_na_Nuru

Vipande vya stenlesi achana navyo kwa sababu mbili: ni vya kugundisha na nyumba ni ya kupanga, na dhahabu yake ni ya kung'aa sana, itashindana na meza. Atakayevitumia kwake mwenyewe aulize kama ni daraja la 304 au 201. Ya 201 inapata vidoa vya kutu mapema, na sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Visioshwe kwa dawa yenye klorini.

Mama Zawadi, nunua kwa utaratibu huo huo ulioandika, ila kati ya balbu na kitu kinachofuata kaa usiku mbili tatu ukiangalia. Inawezekana ule ubaridi ukapungua nusu kabla hujagusa metali yoyote, na elfu zako chache zikabaki kwa ajili ya zulia.